Henry Robinson Palmer: Mtu wa Bati na Mtu wa Umoja



Tunapofika kwenye ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri, wengi wenu mnatarajia kusoma habari za Nduna Songea Mbano na wenzake wa Vita vya Maji Maji, au za Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Hao ni wetu na tutaendelea kuwaenzi. Mwaka huu, hata hivyo, fedha tunazochangishana ni za kupaua maboma. Kwa hiyo naomba mnivumilie nimlete mgeni kutoka mbali, mtu ambaye kazi yake iko juu ya kichwa cha karibu kila mmoja wetu ingawa jina lake hatulijui. Huyo ni Henry Robinson Palmer, mhandisi wa London aliyevumbua bati la mikunjo mwaka 1829. Pamoja naye nitamweleza Richard Walker, fundi seremala aliyeligeuza bati hilo kuwa biashara.

Mimi ni mhasibu, si mhandisi. Nimemchagua Palmer kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hilo bati lenyewe. Ya pili ni kwamba miaka 11 kabla ya bati, akiwa kijana wa miaka 22, alianzisha chama kilichokuwa kidogo kuliko umoja wetu ulivyo leo, na chama hicho hakijafa hadi sasa. Anayetaka kujua kwa nini tunawasumbua kwa vikao na ada, na kwa nini mwaka huu tumesema bati na si kitu kingine, maisha ya mtu huyu yatamsaidia.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Palmer alizaliwa mwaka 1795 huko Hackney, wakati ule kijiji cha pembezoni mwa London na leo sehemu ya jiji lenyewe. Baba yake, Samuel Palmer, alikuwa mchungaji wa usharika uliojitegemea, nje ya kanisa rasmi la nchi. Baba huyo alifariki mwaka 1813, Henry akiwa bado kijana mdogo.

Kijana hakwenda chuo kikuu. Alipelekwa kujifunza kazi katika karakana ya Bryan Donkin, eneo la Bermondsey, kusini ya mto Thames. Donkin alikuwa mtengenezaji maarufu wa mashine za kutengenezea karatasi. Pia alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kufungasha chakula katika makopo ya bati, kazi aliyoianza kuuza mwaka 1813. Palmer aliijua thamani ya chuma chembamba tangu akiwa mwanagenzi. Baada ya hapo alifanya kazi chini ya Thomas Telford, mjenzi mkuu wa barabara, mifereji na madaraja katika Uingereza ya siku zile.

CHAMA KILICHOANZIA KWENYE MGAHAWA

Wakati huo mhandisi kijana hakuwa na mahali pa kuuliza. Vyuo vya uhandisi havikuwepo nchini mwao. Ujuzi ulikaa kichwani mwa wakubwa wachache, na kila mmoja aliulinda kama mali ya ukoo. Kijana alijifunza kile tu ambacho bosi wake alitaka ajifunze. Akihama kazi, alianza upya.

Palmer aliwashawishi vijana wenzake wachache kwamba njia ya kutoka hapo ni kukutana mara kwa mara na kuelezana kazi zao. Tarehe 2 Januari 1818 walikutana katika mgahawa wa kahawa ulioitwa Kendal, mtaa wa Fleet jijini London, na pale wakaanzisha Taasisi ya Wahandisi Ujenzi. Hakuwepo waziri wala tajiri wa kukata utepe. Palikuwa na meza, kahawa na makubaliano ya kurudi tena.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa migumu. Wanachama hawakuongezeka kama walivyotarajia, na wakubwa wa fani hawakuona sababu ya kukaa na watoto. Hata hivyo waliendelea kukutana. Mwaka 1820 walimwendea Telford na kumwomba awe rais wao, naye akakubali. Telford mwenyewe alikuwa mtoto wa mchunga kondoo wa Scotland, aliyeanza maisha kama mwashi wa mawe, hivyo aliijua hali ya kijana asiye na mtu wa kumshika mkono. Aliwapa vitabu, akawaandikia watu wenye majina, na wanachama wakaanza kuja. Mwaka 1828 chama kilipata Hati ya Mfalme, yaani kutambuliwa rasmi. Leo kina makumi ya maelfu ya wanachama katika nchi nyingi.

Ninawaomba viongozi wa matawi yetu waliangalie jambo hili. Mlezi mwenye jina kubwa alikuja baada ya miaka miwili ya vikao vya watu wasio na majina. Kama wale vijana wangesubiri kwanza wapate mgeni rasmi, leo tusingekuwa na cha kusimulia.

RELI YA KUBEBA MATOFALI

Palmer hakuwa mtu wa kutulia na wazo moja. Mwaka 1821 alipata hataza, yaani haki ya kipekee ambayo serikali humpa mvumbuzi kwa muda maalumu, kwa ajili ya reli ya ajabu. Badala ya vyuma viwili chini, reli yake ilikuwa na njia moja tu iliyoinuliwa juu ya nguzo. Magurudumu yalipita juu ya njia hiyo, na mzigo ulining'inia pande zote mbili kama matandiko ya punda. Farasi alitembea chini akivuta kwa kamba.

Reli ya aina hiyo ilijengwa Cheshunt, kaskazini ya London, kwa ajili ya kubeba matofali. Siku ilipofunguliwa, tarehe 25 Juni 1825, ilibeba watu, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa reli ya kwanza ya njia moja kuchukua abiria. Haikuenea. Reli za vyuma viwili na injini za mvuke zilishinda, na reli ya Palmer ikabaki katika vitabu vya historia.

Naitaja kwa sababu maisha ya watu mashuhuri yakiandikwa kwa ajili ya changizo huwa yanapambwa. Mtu huonekana kana kwamba kila alichogusa kilifanikiwa. Palmer alikuwa na wazo zuri ambalo soko halikulichukua, akaendelea na kazi. Bati lilikuja baada ya hapo.

KARATASI ILIYOKUNJWA

Mwaka 1826 Palmer aliajiriwa kuwa mhandisi mkazi wa gati za London, kazi aliyoishika hadi mwaka 1835. London ilikuwa bandari kubwa kabisa. Shehena kutoka kila bahari zilishushwa pale na kuhifadhiwa zisinyeshewe. Mabanda yalihitajika, tena mapana, yasiyo na nguzo nyingi katikati za kuzuia mikokoteni. Paa la mbao na mawe bapa lilikuwa zito, likahitaji kenchi nzito, nazo zikahitaji kuta nene. Mbao pia zilikuwa kuni tayari pale moto ulipotokea, na baadhi ya shehena zilikuwa mafuta ya kuwaka kwa urahisi.

Jawabu la Palmer ni rahisi kiasi kwamba unaweza kulijaribu sasa hivi. Chukua karatasi moja nyembamba, uilaze kati ya vitabu viwili kama daraja. Itabonyea kwa uzito wake yenyewe. Sasa ikunje kama kipepeo cha mkononi, mkunjo juu, mkunjo chini, kisha uirudishe pale pale. Itasimama, na itabeba kalamu juu yake. Karatasi haijaongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni umbo: sasa ina kina, na kitu chenye kina hakipindi kirahisi.

Palmer alifanya hivyo kwa bamba la chuma. Tarehe 28 Aprili 1829 alipata hataza ya kutumia mabamba ya chuma yenye mikunjo kwenye mapaa na sehemu nyingine za majengo. Muda mfupi baadaye banda la kuhifadhia tapentaini katika gati za London likaezekwa kwa mabati hayo yaliyopindwa upinde, yakisimama karibu kwa nguvu zake yenyewe. Waandishi wa mambo ya ufundi walioliona walishangazwa na wepesi wake.

Mwaka 1831 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi chenye heshima kubwa kuliko vyote nchini mwake. Baadaye alifanya kazi za reli na bandari, ikiwemo gati ya Ipswich iliyofunguliwa mwaka 1842. Alifariki tarehe 12 Septemba 1844, kabla ya kutimiza miaka 50.

Kwa wale wanaopenda kupima historia kwa saa yetu wenyewe: mwaka uleule wa 1835 ambao Palmer alimaliza kazi yake gatini, mwezi Novemba, Zwangendaba na watu wake walivuka mto Zambezi wakielekea kaskazini. Wangoni walikuwa bado njiani kuja huku wakati bati la kwanza lilikuwa tayari limesimama London.

WALKER, MUUZA BATI

Mvumbuzi hauzi. Haki ya bati ilipita mikononi mwa Richard Walker, seremala na mjenzi wa Bermondsey, kitongoji kilekile ambako Palmer alijifunza kazi. Ni Walker aliyetengeneza, aliyetangaza na aliyetafuta wateja. Kufikia mwaka 1832 alikuwa akijitangaza kama mtengenezaji wa bati la mikunjo, pamoja na majengo ya kubebeka ya kusafirishwa ng'ambo. Aliwaona wateja ambao wengine hawakuwaona: watu waendao mahali ambapo hakuna fundi wala mbao kavu, wanaohitaji paa linaloweza kupangwa melini kama sahani, likashushwa na kupigiliwa misumari.

Bidhaa yake ilikuwa na kasoro moja kubwa, kutu. Chuma cha wakati ule kilipakwa rangi au lami, na mvua ikakila hata hivyo. Dawa ilipatikana Ufaransa mwaka 1837, pale Henri Sorel alipopata hataza ya kuzamisha chuma ndani ya zinki iliyoyeyushwa. Zinki huliwa kwanza, chuma kikabaki salama. Ule weupe unaong'aa wa bati jipya ndiyo zinki yenyewe. Siku inapokwisha, siku hiyo kutu huanza.

Kisha likaja jambo ambalo mhasibu hawezi kuliruka. Hataza ya Palmer ilikuwa ya miaka 14, hivyo ilikwisha mwaka 1843. Hadi hapo bati lilikuwa na mlango mmoja. Baada ya hapo kila kiwanda kiliruhusiwa kulitengeneza, washindani wakaongezeka na bei ikashuka. Dhahabu ilipopatikana California na baadaye Australia, kuanzia mwaka 1849 na kuendelea, nyumba nzima za bati zilipakiwa melini kutoka Uingereza, zikiwemo za familia ya Walker. Palmer alikuwa amekwisha kufariki. Utajiri mkubwa wa bati hakuuona yeye.

BATI LAFIKA KWETU

Afrika Mashariki ililipokea bati kupitia bandarini. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, na Nairobi, iliyoanza mwaka 1899 kama kambi ya reli, kwa miaka yake ya mwanzo ilikuwa mji wa mbao na mabati. Huku kwetu boma la Wajerumani lilianzishwa Songea mwaka 1897, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanza misheni ya Peramiho. Kwa muda mrefu bati lilikuwa alama ya ofisi, misheni na duka. Nyumba ya mwananchi iliendelea kuezekwa kwa nyasi.

Nyasi si aibu. Nyumba ya nyasi ina ubaridi mchana na ukimya wakati wa mvua. Lakini nyasi zinahitaji kubadilishwa, zinashika moto, na nyasi nzuri za kuezekea zinazidi kupatikana mbali. Darasa la watoto linahitaji paa ambalo mwalimu hatalihangaikia kila baada ya misimu michache.

Mwaka 1960 kiwanda cha Aluminium Africa, tunachokiita ALAF, kilianzishwa Dar es Salaam. Bati likaanza kuwa kitu cha nyumbani. Bado ilibaki safari: kutoka Dar es Salaam hadi Songea, kupitia Iringa, Makambako na Njombe, lori linatembea zaidi ya kilomita 900. Kabla lami ya Makambako hadi Songea haijakamilika miaka ya 1980, kila bati lililofika lilikuwa limelipiwa mara mbili, kiwandani na barabarani. Wazee wetu waliopaua wakati huo wanastahili heshima.

YALE ANAYOSHAURI MUUZA BATI MWAMINIFU

Kwa kuwa tunakwenda kutumia fedha za watu, tumezungumza na wauza bati na mafundi kabla ya kuandaa bajeti. Muuza bati mzuri hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Anataka kuuza, na anataka jirani yako aje kununua kwake baada ya kuliona paa lako miaka 10 baadaye. Ukimpata wa namna hiyo atakueleza mambo yafuatayo bila kuulizwa.

Kwanza, geji huhesabiwa kinyume. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Mnunuzi asiyejua hudhani namba kubwa ni bati imara, akalipa fedha yake kwa kitu chembamba. Namba iliyochapwa si ushahidi wa kutosha. Mwambie muuzaji apime kwa kipimo cha unene mbele yako, na uangalie nembo ya Shirika la Viwango, TBS. Mizani nayo haidanganyi: mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa karibu kilo 8. Ukijua eneo la bamba na uzito wake, utajua unene wake.

Pili, usinunue kwa upana wa bati bali kwa upana unaofunika. Bati mbili hulaliana kwa mkunjo, na kila mlaliano unakula sehemu ya bati.

Tatu, paa ni zaidi ya bati. Bajeti inayosema bati tu itakwama njiani. Kuna mbao za kenchi, na mbao hizo lazima ziwe zimewekwa dawa, maana mchwa wetu hawajali bati ni la geji ngapi. Kuna kofia za kufunika mgongo wa paa, misumari yenye mpira, nondo au waya wa kufungia kenchi kwenye lenta ili upepo usiliondoe paa zima, na ujira wa fundi. Msumari upigwe juu ya mgongo wa mkunjo, si bondeni ambako maji hupita.

Nne, atakwambia mabaya ya bidhaa yake. Bati hupata joto kali jua likiwaka, na mvua kubwa ikinyesha mwalimu hasikiki. Dawa yake ni dari na madirisha ya kutosha. Muuzaji anayeficha hili anatafuta kuuza mara moja tu.

HESABU YETU

Sasa nije kwenye fani yangu. Kila mmoja wetu anayekwenda nyumbani ameyaona maboma: kuta za matofali ya kuchoma zilizofika kwenye lenta, hazina paa, nyasi zimeota ndani. Utaratibu unaojulikana nchini ni kwamba wananchi hunyanyua boma kwa nguvu zao, kisha Serikali na wadau husaidia kumalizia. Wananchi wakimaliza sehemu yao na sisi wadau tukachelewa, hasara inawaangukia wao. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kila msimu unaopita, maji huosha udongo kati ya matofali na kulainisha vichwa vya kuta. Kwa lugha ya kihasibu, boma lisilo na paa ni mali inayopungua thamani kabla haijatumika hata siku moja. Mama aliyebeba matofali kichwani hatabeba mara ya pili kwa moyo ule ule.

Tuchukue mfano wa jengo la madarasa mawili na ofisi katikati, lenye paa la mita 21 kwa urefu na mteremko wa mita 5.5 kila upande. Kama bati linafunika sentimita 75, tunahitaji safu 28 kila upande. Bati la mita 3 likilaliana na jingine kwa sentimita 30, mawili hufunika mita 5.7, hivyo kila safu ni bati mbili. Safu 28, mara bati 2, mara pande 2, ni bati 112. Kofia za mita 2, zikilaliana kwa sentimita 15, ni 12. Fundi ataongeza chache za akiba. Yeyote anaweza kuirudia hesabu hii kwa kalamu, na ninawaomba mfanye hivyo. Mwanachama anayeweza kuhesabu bati hawezi kudanganywa na kamati, na kamati inayojua hilo hufanya kazi kwa uangalifu.

Kuna faida nyingine ambayo huwa hatuiandiki. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mfano wetu linafunika eneo la ardhi la kama mita za mraba 210. Mvua moja ya milimita 20 inadondosha lita 4,200 juu yake. Hata zikipotea lita chache njiani, gata na tanki vitawapa watoto maji ya kunawa na kuwapunguzia safari ya ndoo. Kwa nyasi jambo hilo ni gumu, kwa bati ni bomba tu.

Ndiyo maana mwaka huu tumeamua kuhesabu michango kwa bati, na si kwa mafungu ya jumla. Fomu iliyo ndani ya kipeperushi hiki inaonyesha bei ya bati moja la geji 28, ya kofia moja, ya mbao moja iliyowekwa dawa na ya kilo moja ya misumari, pamoja na nauli ya lori. Mwenye uwezo achukue safu nzima, asiye na uwezo huo achukue bati moja, na wawili watatu wanaweza kushirikiana kwa moja. Kila mchango utapewa stakabadhi, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa kwenye mkutano mkuu ikiwa na idadi ya bati zilizonunuliwa na boma zilikopigiliwa. Wajumbe wa tawi la nyumbani watazihesabu zikiwa zimeshuka kwenye lori, kabla hazijapanda juu ya kenchi.

Palmer aliishi miaka 49 tu. Reli yake haikudumu na faida kubwa ya bati lake ilikwenda kwa wengine. Vitu viwili alivyoacha vimefika hadi kwetu: bamba jembamba linalopata nguvu kwa kukunjwa, na mazoea ya watu wachache kukutana tena na tena hadi kazi ikamilike. Mvua za Songea hazitatusubiri. Fomu iko ukurasa unaofuata, na mwisho wa kurejesha ni kabla ya mkutano mkuu, ili lori litangulie mvua.